Haki Kwanza, Kisha Sadaka: Mwongozo kwa Vikundi vya Kujitolea vya Tononoka

Tononoka haikosi watu wenye mkono wazi. Kuna kamati za misikiti na za makanisa, kina mama wa vyama vya mzunguko, vijana wanaopika futari ya pamoja Ramadhani ikiingia, wenye maduka wanaotoa mchele na unga bila kutaka jina litajwe, na makundi ya WhatsApp yanayochangisha kila mtu anapolazwa au kufiwa. Hata hivyo, katika nyumba zile zile zinazopelekewa mchele utamkuta mzee aliyepita miaka 70 ambaye hajawahi kuandikishwa kwa fedha za wazee, mtoto wa gredi ya nne asiye na cheti cha kuzaliwa, na mjane aliyekosa mafao ya marehemu mumewe kwa sababu kifo hakikusajiliwa. Mchele wa mwezi mmoja huliwa ukaisha. Cheti kikipatikana, kitamfaa mwenyewe maisha yake yote.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye katika kikundi cha namna hiyo, kiwe kidogo vipi, na unayetaka jasho lenu liwafae majirani kwa muda mrefu. Nina jambo moja la kukusihi, na mengine yote yanatokana nalo. Kabla hamjaanza kuchangisha, ulizeni kama shida iliyo mbele yenu tayari ina mwenyewe kisheria. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya, makao, chakula, maji safi, elimu na hifadhi ya jamii, na kinaitaka serikali iwape hifadhi wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kwa hivyo jirani yako mwenye dhiki ana anachodai kabla hajawa na anachoomba. Kazi ya kikundi ni kumfikisha kwenye dai lake, kumshikilia wakati anangoja, kisha kubeba yale ambayo hakuna sheria wala ofisi iliyoyataja. Vikundi vingi huanzia kwenye hilo la mwisho na kuishia hapo hapo, ndiyo maana huchoka upesi.

Jueni nani anaishi wapi

Anzeni na orodha. Tarehe 6 Mei 2020 serikali ilitangaza kufunga njia za kuingia na kutoka Mji wa Kale, pamoja na Eastleigh ya Nairobi, kwa ajili ya korona, na amri ile ikaongezwa muda hadi mwanzoni mwa Juni. Watu waliozoea kula kwa kibarua cha siku walifungiwa ndani bila kibarua. Siku kama hizo hakuna nafasi ya kuanza kuuliza nani ni nani. Anayejulikana hufikiwa, na asiyejulikana hulala na njaa ukuta mmoja na aliyefikiwa.

Gaweni mtaa wenu kwa vichochoro, kila mwanachama awe na nyumba chache za kuzijua vizuri. Andikeni wazee wa miaka 65 kwenda juu (wakifika 70 muwe tayari), watu wenye ulemavu, wajawazito, wanaotumia dawa za kila siku kama za sukari na presha, watoto wanaolelewa na nyanya zao, na yeyote asiye na kitambulisho. Zungumzeni na mzee wa mtaa na wahudumu wa afya ya jamii. Hawa wahudumu, ambao serikali iliwapa mikoba ya vifaa na simu mwaka 2023, huingia nyumba kwa nyumba na wanayajua mengi ambayo baraza halitayasikia.

Kuwa mwangalifu na nyumba zetu za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili. Msaada wa kamati mara nyingi humfikia mwenye nyumba, au mpangaji wa mbele anayesali msikiti mmoja na wanakamati. Yule wa chumba cha uani, aliyetoka Kilifi au Kitui kutafuta kazi bandarini, hana wa kumtaja. Tononoka ni mtaa wa watu wa kila asili na kila dini. Kikundi kinachohesabu wa dini yake peke yao kina orodha nusu, na siku ya moto au mafuriko nusu hiyo haitatosha.

Mkifika kwa mtu, muulizeni yeye shida yake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Familia inayoletewa sukari na mafuta huenda inachohitaji ni mtu wa kukaa na mgonjwa asubuhi mbili kwa wiki ili mama aende kuuza mahamri yake.

Orodha hiyo ni amana. Iwe mikononi mwa watu wawili tu, isitumwe kwenye kundi la WhatsApp, wala isipewe mgombea wa kiti chochote. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na hata isingekuwepo, kumsitiri jirani ni adabu ya mji huu tangu zamani. Kwa sababu hiyo hiyo, msimpige mtu picha akipokea. Mfadhili akitaka ushahidi, mpeni risiti, hesabu na sahihi. Mtoto anayepigwa picha ameshika pakiti ya unga ataikuta picha hiyo akiwa kijana wa sekondari, na wenzake wataiona.

Msindikizeni mtu ofisini

Hakuna msaada wenye faida kubwa kwa gharama ndogo kama kumsindikiza mtu kufuata karatasi zake. Gharama yake ni nauli, picha za pasipoti, nakala za kitambulisho, na mwenzake wa kukaa naye kwenye benchi asikate tamaa. Maombi mengi sasa huanzia eCitizen, na hapo kijana wenu mwenye simu nzuri anaweza kumfaa bibi kizee kuliko gunia la unga. Kwa yanayohitaji kufika mwenyewe, Kituo cha Huduma kiko jengo la Posta, barabara ya Digo. Nendeni asubuhi mapema.

Mtoto aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kwa naibu wa chifu, na miezi 6 ikipita inakuwa usajili wa kuchelewa wenye maswali na vielelezo zaidi. Msingoje afike mwaka wa mtihani wa taifa, ambapo shule itamdai cheti na mzazi ataanza kukimbia huku na huku. Kila mwanamke anayejifungua katika nyumba mnazozihudumia, mmoja wenu amuulize habari za cheti siku anapopeleka uji.

Kifo ndipo penye pengo kubwa kuliko yote, na sababu yake ni ya heshima. Waislamu huzika upesi, mara nyingi siku ile ile. Jamaa hukimbizana na sanda, maji ya josho, jeneza la msikiti na mchimba kaburi, na kabla ya magharibi maiti amekwisha kulazwa. Ikiwa mtu alifia hospitalini, taarifa hutolewa huko huko. Kifo cha aliyefia nyumbani hutaarifiwa kwa naibu wa chifu, naye hutoa kibali cha kuzika. Hapo wengi husimama, wakidhani kazi imekwisha. Kibali cha kuzika si cheti cha kifo. Bila cheti, mjane hawezi kufuatilia akiba ya NSSF, benki haimfungulii akaunti ya marehemu, na mirathi katika Mahakama ya Kadhi inakwama mlangoni.

Kamati yenu ya mazishi bila shaka ina mtu wa sanda, mtu wa kaburi na mtu wa gari. Iwe pia na mtu wa karatasi. Huyu hashiki jembe. Anahakikisha taarifa ya kifo imeandikwa majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, na matanga yakiisha anarudi kwa mjane kumkumbusha safari ya cheti. Kwa jirani anayesafirishwa kuzikwa bara hesabu ni nyingine: mochari hutoza kwa siku, na mchango mdogo unaokusanywa mapema huokoa mkubwa wa baadaye.

Wazee, wagonjwa na bili

Mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mafungu matatu ya watu: wazee wa miaka 70 na zaidi, familia zinazolea mayatima na watoto walio katika hali ngumu, na watu wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji kuangaliwa muda wote. Tangu 2018 fungu la wazee lilifunguliwa kwa kila aliyefikisha umri huo, bila kujali kama ana mtoto anayemsaidia. Uandikishaji hufanywa kwa vipindi, kupitia chifu na afisa wa maendeleo ya jamii, na tangazo hutolewa barazani. Mzee asiyetoka nje hasikii tangazo la baraza. Masikio yake ni nyinyi.

Kagueni mapema mwaka wa kuzaliwa ulio kwenye kitambulisho. Wapo wazee ambao karatasi iliwapunguzia miaka, na kurekebisha huchukua muda. Hakikisheni pia laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mzee mwenyewe, maana wengi sasa hulipwa kwa simu, na mjukuu anayeshika simu ndiye anayeshika pesa. Mara kwa mara, kaeni na mzee peke yake mumuulize kwa upole kama fedha zinamfikia. Swali hilo ni zito, na haliulizwi mbele ya mjukuu.

Shilingi 2,000 hazitoshi mtu kuishi kisiwani. Kodi ya chumba peke yake huzimeza. Basi hapa ndipo sadaka yenu inapokuwa na kazi ya wazi: kujazia kilichopungua, kila mwezi, kwa kiasi kinachojulikana. Mzee anayeletewa 1,000 kila tarehe 5 anaweza kupanga maisha yake. Aliyeletewa 10,000 mara moja Ramadhani, kisha akasahauliwa hadi Ramadhani nyingine, hana cha kupanga.

Upande wa afya, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira ya mshahara hujibu maswali kuhusu hali ya nyumba yake, kisha hupangiwa kiasi kisichopungua 300 kwa mwezi, naye hutakiwa kulipa kwa mwaka, yaani si chini ya 3,600. Kujisajili ni bure, kwa *147# au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii, na aliyesajiliwa anahudumiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma vilivyo kwenye mpango huo hata kabla hajalipa mchango wa mwaka. Kulazwa na upasuaji ndiko kunakodai mchango uliolipwa.

Fanyeni hesabu hiyo kwenye mkutano wenu ujao. Kikundi chenye watu 24 wanaotoa 300 kila mmoja kwa mwezi hupata 7,200, na hizo huenda zikalipia mwaka mzima wa bima kwa familia mbili za kiwango cha chini. Miezi 12 ni familia 24. Linganisheni na bili moja ya upasuaji ambayo kundi lenu la WhatsApp lilihangaika nayo mwaka jana. Sisemi mwache kuchangia wagonjwa. Nasema harambee ya hospitali ni dalili kwamba tumechelewa, na tunaweza kuchelewa mara chache zaidi.

Mgonjwa akilazwa Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani bila uwezo, msisubiri siku ya kuruhusiwa ndipo mkapigwe na bili. Siku za mwanzo tu ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Kazi yao ni pamoja na kupima hali ya mgonjwa asiyejiweza na kushughulikia maombi ya kupunguziwa au kusamehewa malipo. Nendeni na barua ya chifu na mtu anayeijua familia. Mkiwa mmekusanya kitu, semeni ukweli kuhusu kiasi mlicho nacho. Afisa anayewaamini leo atawasikiliza na kesho.

Mtoto abaki kwa watu wake

Mombasa nzima inaijua Tononoka kwa mahakama yake ya watoto. Kina mama hutoka Likoni, Kisauni na Changamwe kuja kufuata malezi na matunzo, na wengine huja na watoto wenyewe waliokosewa au waliokosa. Kama kikundi chenu kina watu wenye subira, hapo pana nafasi ya kujitolea ambayo haihitaji pesa nyingi: maji ya kunywa, mtu wa kumshikia mama mtoto mchanga, mtu wa kumweleza aende dirisha gani. Kwa ushauri wa kisheria bila malipo, waelekezeni kwa Kituo cha Sheria au MUHURI, mashirika yanayojulikana hapa mjini kwa kazi hiyo. Msijifanye mawakili.

Lipo jambo ambalo kikundi hakina ruhusa ya kulisuluhisha, na naliandika kwa uzito wote nilio nao. Mtoto akidhulumiwa kingono, hakuna kikao cha wazee, hakuna kumalizana nyumbani, hakuna kulinda jina la ukoo, la ustadhi wala la mwalimu. Sheria ya Makosa ya Kingono ni ya 2006, na kesi ni ya Jamhuri, haiwezi kununuliwa kwa mbuzi. Mpelekeni mtoto hospitalini kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya HIV hufanya kazi ndani ya muda huo tu, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Asioshwe. Nguo alizovaa zitiwe ndani ya mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani ina kitengo cha waathiriwa wa ukatili wa namna hii. Nambari ya watoto ni 116, na ya ukatili wa kijinsia ni 1195. Zote ni bure. Fomu ya P3 hailipiwi. Anayewadai pesa kwa ajili yake anakosea.

Kuhusu mayatima, naelewa hamu ya kujenga makao. Tumelelewa tukisikia thawabu ya kumlea yatima, na jengo lenye bango huonekana na hutajwa. Lakini tangu 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto katika familia. Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua kafala, malezi ya Kiislamu ambayo mtoto hulelewa na familia nyingine huku akibaki na nasaba ya baba yake. Hilo ni jambo letu, na sasa lina mlango wa kisheria. Pitieni ofisi ya watoto, msikabidhiane mtoto kwa maneno matupu.

Pesa mlizotaka kununulia matofali zipelekeni kwa shangazi na nyanya ambao tayari wanawalea. Sare, viatu, ada ya madrasa, godoro la pili, fomu za basari za NG-CDF na za kaunti zilizojazwa na kurudishwa kwa wakati. Yatima aliyebaki Tononoka na binamu zake atakuwa na wa kumsimamia siku ya kuoa.

Vijana wa unga

Hili wengi hawataki kulisikia. Heroini, ambayo mtaani huitwa unga, imeingia nyumba nyingi za Mombasa tangu miaka ya 1980, na familia humficha kijana wake kama siri ya aibu. Vikundi vya sadaka navyo humpita, kwa hofu kwamba atakachopewa atakiuza.

Mashirika yaliyotangulia katika kazi hii ni ya hapa hapa. MEWA, chama cha elimu na ustawi cha Waislamu kilichoanzishwa Mombasa miaka ya 1980, kina kituo cha kuwatibu waraibu. Reachout Centre Trust huwafuata mtaani walipo. Kwa upande wa serikali kuna kliniki ya methadoni Kisauni. Methadoni humwondolea mtu arosto ili aweze kulala, kula na kufanya kazi, lakini hutolewa chini ya uangalizi, na anayeanza hulazimika kufika kliniki kila siku. Dawa yenyewe ni bure. Kinachomshinda kijana wa Tononoka ni nauli ya kuvuka Daraja la Nyali na kurudi, siku saba kwa wiki, akiwa hana kazi.

Nauli hiyo haimo katika bajeti ya mtu yeyote, na ndiyo sadaka ninayoitamani zaidi kuliko zote nilizozitaja. Msimpe pesa mkononi ikiwa mnaogopa. Patanisheni na dereva wa tuktuk anayeaminika, awachukue wawili au watatu kwa pamoja, nanyi mumlipe mwisho wa wiki. Kijana akirudi nyuma, mchukueni tena. Kuteleza ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na familia iliyoambiwa hivyo mapema haitamfungia mlango.

Pesa za watu

Wanawake wa mji huu walijua kuendesha vyama kabla ya kuwepo sheria ya vyama. Mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake wa Kiislamu wa Mombasa kuanzia 1890 hadi 1975, ameeleza jinsi vyama vya ngoma ya lelemama vilivyokuwa na viongozi wenye vyeo, michango na kusaidiana katika harusi na misiba. Miaka ya 1950 wanawake wakaunda vyama vya maendeleo vilivyoshughulikia elimu na ustawi. Kwa hiyo msishangae mkiona mama asiyejua kuandika anakumbuka nani ametoa nini tangu mwaka juzi. Mpeni uongozi. Na mpeni katibu kijana wa kuyatia maneno yake daftarini.

Kikundi cha watu wasiopungua 10 kinaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya Mvita. Mtatakiwa kuwa na katiba yenu, kumbukumbu za mkutano wa kuamua kujisajili, na majina ya wanachama na nambari zao za vitambulisho. Katiba isiwe ya kunakili kutoka kwa jirani. Iseme wazi uongozi unakaa muda gani, nani anaweza kutoa pesa, na kikundi kikivunjika mali inakwenda wapi. Hilo la mwisho ndilo huleta ugomvi. Mkikua hadi kupokea ufadhili mkubwa na kufanya kazi kaunti kadhaa, angalieni Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 badala ya ile ya NGO ya 1990. Kwa kikundi cha mtaa hamna haja ya kukimbilia huko.

Akaunti iwe ya benki au ya simu kwa jina la kikundi, isiwe laini ya mwenyekiti. Kuwe na watia sahihi watatu, na wawili wahitajike kila pesa zinapotoka, wala wasiwe mume na mke au ndugu. Hesabu zisomwe kwa sauti mbele ya watu, hata kama ni za shilingi 400. Mweka hazina mwaminifu hufurahia kusomwa kwa hesabu, kwa kuwa humlinda.

Zaka itengwe na sadaka. Zaka ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia kiwango na kuzungukiwa na mwaka, na Kurani imewataja wanaostahiki kuwa mafungu manane. Haitumiki kupaka rangi ukumbi wala kununua viti vya mkutano. Muulizeni sheikh mnayemwamini kabla ya kuitumia kwa bima au nauli, na majibu yake yaandikwe. Sadaka ya kawaida ina uwanja mpana zaidi, na humfikia jirani wa dini yoyote. Wafadhili wenu waombeni wagawe mkono wao: sehemu Ramadhani, sehemu Januari shule zinapofunguliwa, sehemu miezi ya kimya ambayo hakuna anayekumbuka.

Na ikiwa katika mtaa wenu kuna mwenye nyumba mzee anayesema kwa mdomo kwamba akifa kodi ya chumba fulani iwe ya maskini, msaidieni aandike wakfu sasa, angali na akili zake na mashahidi wako hai. Tume ya Wakfu ina sheria yake. Neno la mdomo warithi wataligombea.

Mkihitaji kukumbuka sadaka inaweza kufika wapi, tazameni pale Tudor kilipo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora, pamoja na fedha za serikali ya kikoloni. Leo ni chuo cha umma, na mtoto wa yeyote anaingia. Sadaka ilifungua mlango, umma ukauchukua ukaupanua. Kikundi chenu hakina fedha za masultani, lakini njia ni hiyo hiyo: fanyeni jambo, liandikeni, kisha nendeni na daftari lenu kwa diwani wa wadi na kwenye vikao vya maoni kuhusu bajeti ya kaunti, mkadai lichukuliwe. Nauli za kliniki ya methadoni mlizolipa mwaka mzima, zikiwa na tarehe na idadi ya vijana, ni hoja ambayo diwani atapata taabu kuikataa.

Basi kabla mwezi huu haujaisha, chagueni kichochoro kimoja tu. Andikeni kila aliyefikisha miaka 70 na kila mtoto asiye na cheti, gawaneni majina, na kila mmoja wenu amsindikize mtu mmoja ofisini. Asiyekuwa na kikundi na atafute wenzake tisa.